Kamera moja inazimika, sauti inatangulia midomo: nianzie wapi?

Swali la msomaji: "Tunarusha matukio mubashara kwa kamera tatu. Mbili ziko karibu na meza ya switcha (kifaa cha kuchagua kamera inayorushwa), ya tatu iko nyuma ya ukumbi na imeunganishwa kwa kebo ya HDMI ya mita 20. Picha ya hiyo ya tatu inakuwa nyeusi kwa sekunde mbili hivi, inarudi yenyewe, na baada ya muda inarudia tena. Sauti tunaitoa kwenye mixa na kuiingiza kwenye kompyuta kwa USB. Mwanzoni inaendana na midomo, lakini ikifika saa ya pili imeshatangulia na watazamaji wanalalamika. Nimebadilisha switcha, nimebadilisha kompyuta, nimepunguza ubora wa picha, hakuna kilichosaidia. Nimeshauriwa ninunue enkoda ya kitaalamu. Ninunue?"

Usinunue bado. Kwa maelezo yako una hitilafu mbili zisizojuana, na hakuna hata moja inayokaa kwenye enkoda, yaani kifaa au programu inayobana picha ili irushwe mtandaoni.

Ushahidi umo katika swali lako. Enkoda inapokea picha moja tu, ile ambayo switcha imekwisha kuichagua, na haina habari kama imetoka kamera ya kwanza au ya tatu. Ingekuwa mbovu, ingezivuruga kamera zote sawasawa. Intaneti nayo ni hivyohivyo. Kinachoigusa kamera moja peke yake lazima kiwe kabla ya mahali kamera zote zinapokutana, yaani kamera yenyewe, umeme wake, kebo yake, au tundu lake kwenye switcha. Switcha umeshaibadilisha na tatizo limebaki, basi tundu tunaliondoa. Vimebaki vitatu, na kimoja kati ya hivyo ni kebo ya HDMI ya mita 20. Mshukiwa wangu wa kwanza ni huyo.

Mshukiwa si mfungwa, kwa hiyo tumpime. Lakini kwanza zoea kusoma namna picha inavyoharibika, maana kila kipande cha mnyororo huharibu kwa staili yake. Ukiona nukta nyeupe zinamulika au vistari vyembamba vinapita, kebo ya kidijitali imefika ukingoni mwa uwezo wake. Ukiona miraba inayomeguka na kusogea, picha imeharibikia mahali ilipokuwa imebanwa: kwenye kirushi kisicho na waya, kwenye enkoda, au mtandaoni. Picha iliyoganda huku sauti inaendelea huwa imeshikiliwa na kifaa chenye kumbukumbu, mara nyingi kompyuta. Na picha inayokuwa nyeusi kabisa kwa sekunde moja hadi tatu, kisha ikarudi safi kama vile hakuna kilichotokea, ni HDMI iliyopoteza muunganisho na kuanza upya. Yako ni hii ya mwisho.

Inatokea hivi. Vifaa viwili vya HDMI, kabla ya kupitisha picha yoyote, hutambulishana kwanza. Kinachopokea hueleza ukubwa na kasi za picha kinazozimudu, kinachotuma huchagua mojawapo. Mazungumzo hayo hupita kwenye nyaya nyembamba zilizo pembeni ya zile za picha, pamoja na waya mmoja wa volti 5 unaosema "nipo". Waya huo ukitikisika kwa kitambo kidogo, au data ya picha ikichafuka kiasi cha kutosomeka, kinachopokea hukata kila kitu na kuanza utambulisho upya. Sekunde mbili za weusi unazoziona ni muda wa utambulisho huo, wala si muda wa hitilafu. Hitilafu yenyewe huenda ilidumu chini ya kufumba na kufumbua, ndiyo maana ukikimbia kwenda kuikagua kebo unakuta kila kitu kizima.

Sasa fikiria mzigo ulioubebesha kebo hiyo. Picha ya 1080p (HD kamili, mistari 1080) kwa fremu 60 za kila sekunde hupita kwenye HDMI kwa takriban gigabiti 4.5 kila sekunde, na hakuna utaratibu wa kuomba kipande kilichopotea kirudiwe. Kebo ya kawaida ya shaba, isiyo na kikuza ndani, hufanya kazi hiyo kwa uhakika hadi mita 10, labda 15 ikiwa ni nzuri sana. Ya mita 20 inaweza kukubali mchana wote kwenye majaribio ikakataa jioni. Ongeza kwamba plagi ya HDMI haina kufuli, na kwenye kamera nyingi tundu ni lile dogo, huku uzito wa kebo nzima ukining'inia hapo. Mpiga kamera akigeuza kichwa cha tripodi, plagi inatikisika. Muulize kama weusi hutokea zaidi akiwa anazungusha kamera. Jibu lake lina thamani kuliko kifaa chochote cha kupimia utakachoazima.

Jaribio la kwanza halihitaji kitu kipya. Punguza kasi ya kamera hiyo kutoka fremu 60 hadi 30, au kutoka 50 hadi 25 kama ndiko uliko, na data kwenye kebo itapungua kwa nusu. Weusi ukikoma, kebo imejitaja yenyewe. Tahadhari moja: kamera nyingine hubadilisha kasi ya kurekodi tu, lakini kwenye HDMI zinaendelea kutoa ileile ya juu. Usiamini menyu ya kamera, soma switcha inasema inapokea nini.

Jaribio la pili: ilete kamera ya tatu mezani na umeme wake uleule, iunganishe kwa kebo fupi unayoiamini, na wakati huohuo ile kebo ya mita 20 ifunge kwenye kamera ya kwanza. Hitilafu ikihamia kamera ya kwanza, imefuata kebo. Ikibaki na ya tatu, imefuata kamera au umeme wake. Isipotokea kabisa, huenda kebo ilikuwa inaumia pale inapopita, labda imekunjwa vikali mlangoni, inakanyagwa, au imelala sambamba na nyaya nene za umeme wa taa.

Hapa wengi huharibu kazi nzuri kwa kukosa subira. Tatizo linalokuja na kuondoka haliwezi kupimwa kwa dakika tano. Chukua mfano kwamba weusi huja bila mpangilio, kwa wastani mara moja kila dakika 20. Ukibadilisha kitu kisicho na hatia kisha ukatazama dakika 20 bila kuona kitu, uwezekano kwamba ni bahati tu ni kama asilimia 37. Ukitazama saa nzima, uwezekano huo unashuka hadi asilimia 5 hivi. Kwa hiyo ngoja angalau mara tatu ya muda ambao kwa kawaida hupita kati ya tukio moja na jingine, na katika muda huo usiguse kitu kingine chochote. Switcha, kompyuta na ubora ulivyovibadilisha, kama ulivibadilisha siku moja kwa pamoja, vilikupa majibu yaliyochanganyikana yasiyoweza kutenganishwa.

Na umeme je? Kamera inayotumia betri bandia (kipande chenye umbo la betri kinacholishwa na umeme wa ukutani) yenye adapta hafifu inaweza kutoa weusi uleule, ingawa mara nyingi yenyewe huzimika na kuwaka upya, na mpiga kamera huona. Ipe kamera betri kamili ya kawaida kwa jaribio moja. Angalia pia muda: weusi ukija kila mara kwenye dakika ileile tangu kuwasha, usihangaike na kebo, tafuta kwenye menyu mpangilio wa kujizima au wa kuokoa betri. Kamera nyingi za picha mnato zilitengenezwa zikiacha kurekodi kwenye dakika 29 na sekunde 59, na nyingine hupata joto mapema zaidi ya hapo. Ulinzi wa hakimiliki, ule unaoitwa HDCP, hauhusiki na kamera. Huo mara nyingi huleta weusi wa kudumu unapounganisha kompyuta au kicheza filamu, si weusi wa kuja na kuondoka. Kuna jambo moja watu hucheka nikilitaja: viti vya ofisini vinavyopanda na kushuka kwa gesi. Mtu akiinuka ghafla, umeme tuli huruka, na kebo ya picha isiyokingwa vizuri huudaka. Kama weusi unaoana na mtu kusimama mezani, badilisha kiti kabla ya kufungua chochote.

Tuseme kebo imepatikana na hatia. Usinunue HDMI nyingine ya mita 20 ya aina ileile, hata kama imefungwa vizuri na ina maandishi ya dhahabu. Weka konvata (kigeuzi) ya HDMI kwenda SDI, muunganisho wa picha wa vyombo vya utangazaji, palepale kwenye kamera, ukitumia HDMI ya nusu mita iliyofungwa kwenye tripodi au fremu ya kamera isivutwe, kisha peleka SDI hadi mezani. SDI ilibuniwa kwa kazi hii. Plagi yake ya BNC hujifunga, haina mazungumzo ya utambulisho, na ikitikisika kidogo picha hurudi mara moja. Kwa 1080p ya fremu 50 au 60 unahitaji 3G-SDI, ambayo hubeba gigabiti 2.97 kwa sekunde na kwenye kebo nzuri hufika mita 70 au zaidi. Kwa 1080i (ambayo mistari yake hupitishwa nusu kwa nusu), au 1080p ya fremu 25 na 30, HD-SDI ya gigabiti 1.485 inatosha na hufika kwenye mita 100. Hakikisha kebo ni ya omu 75. Ile ya omu 50 inayotumika kwenye redio inafanana nayo kwa macho, na inaweza kukupitishia picha kwenye umbali mfupi ikakusaliti ukumbini.

Konvata yenyewe inahitaji umeme wa kueleweka. Naona mara nyingi imelishwa na tundu la USB la kamera au chaja ya zamani ya simu, halafu watu wanashangaa weusi umerudi. Ipe adapta yake.

Na hili nalisisitiza kwa sababu linaunguza vifaa: unganisha umeme wa kamera na konvata kwanza, SDI iwe ya mwisho kuchomekwa. Wakati wa kufungua, SDI iwe ya kwanza kutoka. Ukifanya kinyume, hasa kama kuna betri kubwa inayolisha kamera na vifaa vingine kwa pamoja, umeme unaweza kutafuta njia ya kurudi kupitia ganda la plagi ya SDI na kuua saketi ya kutoa picha. Kifaa kilichokufa hivyo huwaka vizuri, menyu zote zipo, ila SDI haitoi kitu.

Kama kuchanganya aina mbili za kebo hakukufai, kuna HDMI za nyuzi za kioo ambazo mita 20 si kitu kwazo. Zina upande wa kutuma na upande wa kupokea, vimeandikwa kwenye plagi, ukizigeuza hazifanyi kazi. Hazipendi kukunjwa wala kukanyagwa. Kwa ukumbi ambao watu wanapita juu ya kebo mimi nabaki na SDI.

Sasa sauti, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayokufukuzia watazamaji. Mtu husamehe kamera moja iliyozimika, hasa kama msimamizi wa switcha ni mwepesi. Midomo isiyoendana na maneno hakuna anayeivumilia.

Neno muhimu katika maelezo yako ni kwamba mwanzoni inaendana. Kungekuwa na tofauti isiyobadilika, sawa tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho, ningekuambia uicheleweshe sauti kiasi fulani na tungemaliza. Tofauti inayokua ni ugonjwa mwingine kabisa: vifaa viwili vinahesabu muda kwa saa mbili tofauti. Kila kifaa cha kidijitali kina kipande cha fuwele ya kwazi (quartz) kinachotetema ndani na kukihesabia muda. Mixa yako inasema inatoa sampuli 48,000 kila sekunde, lakini sekunde yake si sawasawa na sekunde ya kadi inayonasa picha. Tofauti ya sehemu 50 katika milioni, ambayo kwa vifaa vya kawaida si ajabu, huzaa sekunde 0.18 kwa saa moja na 0.36 kwa saa mbili. Programu za kurushia hujaribu kuziba pengo hilo, na mara nyingine hushindwa.

Je, sekunde 0.18 zinaonekana? Shirika la mawasiliano la kimataifa, ITU, katika pendekezo lake BT.1359 la mwaka 1998, linasema mtazamaji huanza kugundua sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 tu, ilhali ikichelewa anavumilia hadi 125 kabla ya kugundua. Sababu ni ya kimaumbile: mbele ya macho yetu mwanga hufika kwanza siku zote, na sauti hutumia kama milisekunde 3 kwa kila mita, kwa hiyo ubongo umezoea sauti inayochelewa. Wewe umeangukia upande mbaya.

Dawa ni kuiondoa USB kwenye njia ya sauti. Chukua sauti ya analogi kutoka mixa na uiingize kwenye tundu la sauti la switcha. Analogi haina saa. Switcha ndiyo itakayoigeuza kuwa ya kidijitali kwa saa yake mwenyewe, ileile inayohesabia fremu za picha, na kuanzia hapo sauti na picha vinasafiri ndani ya kebo moja. Vikicheleweshwa mbele ya safari, vinacheleweshwa pamoja. Hakikisha switcha imewekwa kupokea kiwango cha laini (sauti yenye nguvu inayotoka mixa) na si cha maikrofoni, la sivyo sauti itapasuka. Kisha zima kabisa ile sauti ya USB kwenye kompyuta, vinginevyo utasikia mwangwi na utadhani umeleta hitilafu ya tatu.

Ukishafanya hivyo itabaki ile tofauti ndogo isiyokua, kwa sababu kamera huchukua muda kuchakata picha na switcha huongeza kama fremu moja. Mweke mtu mbele ya kamera apige makofi mara moja karibu na maikrofoni, rekodi, kisha tembeza rekodi fremu kwa fremu. Kwa fremu 25 kila fremu ni milisekunde 40. Hesabu fremu kati ya mlio na viganja kukutana, chelewesha sauti kwa kiasi hicho, na ukiwa na shaka ongeza kidogo kuliko kupunguza. Piga makofi tena mwisho wa saa ya pili. Tofauti ikiwa ileile, saa zimepatana. Kama kamera zako ni za modeli tofauti kila moja itakuwa na ucheleweshaji wake. Pima kwa ile inayotumika zaidi kuonyesha watu wakizungumza.

Switcha yako isipokuwa na tundu la sauti, weka mixa, mfumo wa kompyuta na programu ya kurushia vyote kwenye kHz 48, yaani zile sampuli 48,000 kwa sekunde. Ukikuta kimoja kiko 44.1, umepata angalau sehemu ya tatizo. Kisha kwenye mapumziko zima chanzo hicho cha sauti na ukiwashe tena ili kianze kuhesabu upya. Ni kiraka, lakini kinashika.

Kebo mpya kati ya mixa na switcha inaweza kuleta muungurumo mzito kama vifaa hivyo viwili vinakula umeme kutoka soketi zilizo mbali. Vilishe kutoka sehemu moja, au weka transfoma ya kutenganisha sauti katikati. Kukata mguu wa ethi kwenye plagi huondoa muungurumo na huweza kumwondoa mtu pia. Usifanye.

Wakati unapanga upya, weka kamera zote kwenye kasi moja hadi desimali. Kamera ya 60 kamili na switcha ya 59.94 hazilingani, na tofauti hiyo hutoa mtikisiko mdogo kila baada ya sekunde 17 hivi. Kati ya 30 na 29.97 ni kila sekunde 33. Ukiuona mtikisiko, hesabu sekunde kabla ya kuulaumu mtandao.

Rudisha pia ubora ulioupunguza, maana haukuwa na kosa. Kama unarusha kwa OBS, programu ya kompyuta ya kurushia, fungua dirisha la takwimu. Lina hesabu tatu tofauti za fremu: zilizokosa kuchorwa, zilizorukwa kwenye kubana, na zilizodondoka kwenye mtandao. Ya kwanza ikipanda, kadi ya michoro imezidiwa. Ya tatu ikipanda, ni intaneti, na hapo usitumie zaidi ya nusu ya kasi ya kupandisha uliyoipima kwa waya, si kwa waifai. Ni hesabu ya pili pekee inayoweza kukusukuma ununue enkoda, na hata hiyo mara nyingi hutulia ukihamisha kazi ya kubana kwenda kwenye kadi ya michoro. Rekodi kwenye diski ya kompyuta huku unarusha. Kilichoharibika kwenye rekodi kimeharibika kabla ya kufika kwenye intaneti.

Pesa ya enkoda nunulia konvata mbili, moja ya kutumia na moja ya akiba, kebo ya SDI yenye urefu wa kutosha, na monita ndogo ya kubeba ambayo utaichomeka popote katika mnyororo kuona picha imefika ikiwa hai au imekufa. Na kama kamera ya tatu bado inazimika ikiwa mezani, kwenye betri, kwa kebo fupi uliyoijaribu kwenye kamera nyingine ikawa salama, basi tundu lake la HDMI limelegea ndani. Ipeleke kwa fundi wa kamera, na kwa tukio lijalo iweke mahali ambapo haitaguswa.